Bi Kikohozi, Mgonjwa wa Darasa la Jioni

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Alhamisi, tarehe kumi na tisa mwezi wa sita. Kumekucha na manyunyu, na baridi imeingia hadi humu studioni. Jana tulimzika Bi Kikohozi. Namwomba Mungu anipe nguvu ya kusimulia habari zake.

Bi Kikohozi alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyeshona makoti meupe ya wanafunzi wa chuo cha famasia, hata sisi tunaosoma jioni baada ya kazi. Siku moja alikuja kutupima mabega. Mwalimu akamwomba akae kwenye kiti ajifanye mgonjwa, tujifunze kutoa dawa kwa mtu, maana tulizoea kuzungumza na ukuta. Akakaa. Akakohoa mpaka mwalimu akakimbilia maji. Jina likamkaa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo, kila mwanafunzi alipitia mbele ya kiti chake. Ukinong'ona umeinamisha kichwa, anakukatiza: "Mwanangu, sema na mimi, usiseme na chupa." Ukimwambia ameze kidonge kutwa mara tatu, anakuuliza: "Mchana nina wateja. Hicho cha mchana akimeze nani, cherehani?"

Swali moja tu hakulifanyia mzaha. Dawa gani nyingine unatumia? Narudia, wasikilizaji: dawa gani nyingine unatumia? Uliposahau kumuuliza, alipokea dawa, akashukuru, akatembea hadi mlangoni, akaanguka pu! "Umeniua," alisema pale sakafuni. Sisi tulicheka mpaka machozi. Mwalimu hakucheka. Aliandika sifuri.

Mwaka jana mguu wake ulivimba, damu ikaganda ndani. Daktari akampa dawa ya kuzuia damu kuganda, ya kumeza kila siku. Mwezi uliopita goti likamsumbua, akaenda duka la dawa la jirani. Nyuma ya kaunta alikuwepo mfamasia aliyehitimu chuo chetu.

Mfamasia huyo alieleza mwenyewe mbele ya familia, hospitalini: "Nilimwona nikafurahi. Nikamtania, Bi Kikohozi, leo unaumwa kweli au ni mtihani? Akacheka. Niliona haya kumuuliza maswali aliyonifundisha yeye. Nikampa vidonge."

Vilikuwa vidonge vikali vya maumivu. Vidonge hivyo na dawa yake ya damu haviwekwi tumbo moja. Akavuja damu ndani kwa ndani, na ilipogundulika, muda ulikuwa umepita.

Binti yake alimuuliza wodini: "Mama, mbona hukumwambia?"

Akajibu kwa taabu: "Hakuniuliza. Nilidhani wakishahitimu wanaona kwa macho tu."

Wasikilizaji wapendwa, nimeomba, nimefunga, na maneno hayo bado yananichoma. Alitufundisha wengi kuuliza. Mmoja akamheshimu mno hata asimuulize. Heshima gani hiyo, inayompeleka mtu kaburini?

Kwa binti yake, wajukuu na majirani wote: poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi tunaosimama nyuma ya kaunta, na ninyi mnaosimama mbele yake, tujiulize leo: ni nani tunamwonea haya, wakati uhai wake unangoja swali letu?

Jana makaburini, mkuu wa chuo alitangaza kwamba chumba cha mazoezi ya kutoa dawa kitapewa jina la marehemu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Binti hakumtazama.

"Jina halimuulizi mtu kitu," alisema. Kisha akamwita mfamasia, aliyekuwa amejibanza nyuma ya waombolezaji. "Kaka, sogea hapa. Wewe ndiye utakayesimama kaunta kesho. Utafanya nini?"

Akasogea hadi kando ya kaburi. "Mbele za Mungu na mbele yenu nyote, sitamkabidhi mtu dawa kabla ya kumuuliza. Awe mwalimu wangu, awe mama yangu mzazi."

"Hatukusikii," binti akamwambia.

Akarudia kwa sauti kubwa, neno kwa neno, hadi waliokuwa wameshika majembe wakageuka.

"Sasa nimekusikia," binti akasema. "Kukusamehe, bado."