Mama Ngoja, Aliyekataa Kuwamalizia Watu Maneno

Ifikapo tarehe thelathini Juni, Mama Ngoja atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja katika hospitali yetu, na siku hiyo hiyo atastaafu. Jina lake la kwenye mshahara lipo, ila ukilitaja pale getini mlinzi atakutazama tu. Uliza Mama Ngoja, utasindikizwa hadi mlangoni: chumba cha mwisho kwenye korido, baada ya famasi, chenye viti viwili, kioo na simu ya mezani.

Kazi yake ni kuwahudumia watu wenye matatizo ya usemi, hasa wenye kigugumizi. Alipoanza, chumba chenyewe kilikuwa stoo ya magodoro, na mgonjwa wake wa kwanza alifanya mazoezi akiwa amekalia godoro. Jina la Ngoja alilipata vikaoni. Ole wake daktari aliyemmalizia mwenzake neno. Mama aliinua kidole, akasema ngoja, na kikao kizima kikatulia mpaka mwenye neno alimalize. Mganga mkuu mwenyewe aliwahi kungojeshwa, akangoja. Mumewe anasema nyumbani nako ni hivyo hivyo: chakula kinapoa mezani, kitinda mimba akimaliza habari zake za shule.

Msimamo wake haukuwa na mafumbo. Kigugumizi chenyewe, alisema, mtu huja nacho, na wazazi wasibebeshwe lawama. Lakini woga wa kusema, huo tunajifunza. Neno linakwama, watu wanacheka, au wanakumalizia kwa huruma. Siku ya pili unalikwepa neno lile, unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayokufundisha kukwepa tena. Maneno ya kukwepa yanazidi kuongezeka. Basi kwa kuwa woga huo mtu kajifunza, anaweza pia kujifunza kuuacha, kidogo kidogo, akianzia penye urahisi.

Alifundisha kwa vitendo. Aliwachukua wagonjwa wake hadi duka la ng'ambo ya barabara, akatangulia yeye, akagugumiza makusudi mbele ya foleni nzima ili waone kwamba mtu hafi. Mwenye duka alimwonea huruma miaka mingi, kila mara akimwongezea pipi. Siku moja akamsikia akimfokea dereva wa gari la wagonjwa aliyeziba njia, maneno yakimtoka kama maji ya bomba. Yule bwana alifunga duka, akaja mapokezi kutupongeza kwa kumponya. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mama alimweleza ukweli, na pipi zikakoma.

Mwandishi wa wasifu huu anazo sababu zake za kumsifu. Aliajiriwa hapa kama karani wa mafaili, huko nyuma kusiko na mtu wa kuzungumza naye, na aliipenda kazi hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Kila neno linaloanza na m lilimkaba koo. Dukani hakuweza kutaja maziwa, kwa hiyo alikunywa chai kavu kwa miaka, wenzake wakiamini kwamba tumbo lake halitaki maziwa. Mama Ngoja ndiye aliyeing'amua chai hiyo. Akaanza kumwagiza aombe maziwa: kwanza kwake, wakiwa wawili tu chumbani, kisha kwa muuguzi mmoja mpole, kisha jikoni, mwisho dukani, kwenye foleni. Siku ya duka karani alikwama hadi jasho likamtoka. Mwenye duka akafungua mdomo amsaidie, Mama akainua kidole. Neno likatoka. Chai ya siku ile ilikuwa tamu, acheni tu.

Nafasi ya mpokea simu ilipotangazwa, Mama alimsukuma aiombe. Simu yetu hupokelewa kwa kusema mapokezi, naye akajaribu ujanja wa kusema halo. Mama akapiga kutoka chumbani kwake, akakata, akapiga tena, mpaka neno mapokezi likasemwa. Huu ni mwaka wa tisa anapokea simu. Bado anakwama, ila hakwepi tena, na wanaopiga wanangoja.

Mshereheshaji, kwa wema wake, alijitolea kuusoma wasifu huu kwa niaba ya mwandishi ili sherehe hii ya kumuaga Mama isichelewe. Tunamshukuru, lakini hapana. Mwandishi atausoma mwenyewe. Woga anao, tena mwingi. Marafiki walimshauri aweke maneno mepesi pale mwishoni. Amekataa kubadilisha hata moja.

Kwa hiyo wageni waalikwa mnaombwa jambo dogo. Akikwama kwenye mstari wa mwisho, msimmalizie. Nawe Mama, leo pumzika. Kidole tutainua sisi.

Asante kwa kutungoja miaka yote hii. Maisha mema, Mama.