Herufi Kumi na Moja za Dudumizi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Mwalimu Kilonzo Munyoki wa Mkongani. Mkulima wa mahindi. Mwalimu wa kwaya. Mtunzi wa "Dudumizi", muziki wa fidla nne, wa dakika kumi na mbili. Ametutoka akiwa na miaka sabini na mmoja.

Fidla nne, hakuna ngoma, hakuna anayeimba. Hapa studioni tulimtania: "Mwalimu, kwaya yako imekauka koo?" Akacheka. Akasema ameandika kiangazi cha shambani kwake, mpaka siku yule ndege, dudumizi, anapoita mvua. Mtu wa Mkongani akimsikia dudumizi huenda kuanua mahindi.

Mwalimu hakujua nota za mistari. Alijua solfa, zile herufi za kwaya: d ni doh, r ni ray. Muziki wote aliuandika kwa solfa, kwenye daftari la shule. Bintiye Mutheu, mpiga fidla katika hoteli moja ya Diani, ndiye aliyeuhamishia kwenye mistari ili wenzake watatu wausome.

Mwezi uliopita Mwalimu akapatwa na kiharusi. Kikamchukua sauti. Onyesho la muziki huo lilikuwa Jumapili, na daktari alikwisha kumwambia Mutheu kwamba siku za baba si nyingi. Mutheu akawa roho mkononi. Je, atausikia muziki wake kabla hajaondoka?

Alhamisi, mazoezini Ukunda, alimpigia simu mamake, Bi Nthenya, aliyekuwa kando ya kitanda cha hospitali kule Msambweni. Simu ikawekwa sikioni mwa mgonjwa. Wakapiga "Dudumizi" mwanzo hadi mwisho.

"Amekataa," mama akasema. "Mmefika mwisho, akatikisa kichwa. Analia, Mutheu."

Amekataa nini? Kuuliza si ujinga, wasikilizaji, lakini wa kuulizwa hakuwa na sauti. Mutheu alilipekua daftari Alhamisi yote, na Ijumaa yote. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na herufi kumi na moja, zote d. Naye alikuwa amepiga doh kumi na moja, zote sawasawa. Kosa liko wapi?

Jumamosi asubuhi akamsomea mamake herufi zile kwenye simu.

"Doh gani?" akashangaa Bi Nthenya. "Babako alipoandika hapo hakuwa akiimba doh. Mimi nilikuwa napukuchua mahindi, nikimsikia. Alikuwa akisema du, du, du, huku akishuka, kama maji yanavyotoka kibuyuni. Ni yule ndege, mwanangu!"

D haikuwa doh. D ilikuwa du.

"Mwekee simu, Mama. Usiitoe."

Wenzake walikuwa hawajafika. Mutheu akashika fidla peke yake, akazishusha zile sauti kumi na moja. Kisha akangoja.

"Mama? Amesikia?"

"Sijui, mwanangu. Macho ameyafumba. Lakini ameutoa mkono nje ya shuka, ameugeuza kiganja juu." Mama akainama kumtazama. "Anapima mvua."

Mwalimu Kilonzo alifariki mchana wa Jumamosi hiyo. Jumapili fidla nne zilipigwa, na mwisho wake ulishuka jinsi alivyotaka.

Bi Nthenya, Mutheu, poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama nyumbani kwenu yuko mzee mwenye daftari lake, ketini naye. Muulizeni leo kila herufi, wakati angali na sauti.