Kibuyu cha Kwenda Lodwar

Benchi letu liko Sotik, mbele ya ofisi ya kusafirisha vifurushi, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hushuka kutoka mashamba ya chai ukakaa nasi bila kuagiza chochote. Gitonga anauza kahawa hapo. Kuuza kahawa katika nchi ya chai ni kazi ya mtu mwenye imani, nasi tunakunywa ili imani yake isipungue. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata ng'ambo ya barabara ikawa tetesi tu. Ndani ya tetesi hiyo akatokea Mama Cheptoo, Phyllis kwa jina la kanisani, amekumbatia kibuyu cha mursik, maziwa ya kuganda, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Binti yake Cheptoo, muuguzi huko Lodwar, alikuwa amejifungua juzi, na kwa Wakipsigis mzazi bila mursik ni kama mgeni asiyekaribishwa. Lakini ng'ombe wa mama naye alikuwa karibu kuzaa. Kwa hiyo mama angebaki, kibuyu kingeenda. Kilikuwa kibuyu cha marehemu mamake, hakina ndugu, na gari la vifurushi lilikuwa njiani.

Karani wa ofisi, Isaiah, akatoka mlangoni na kalamu sikioni.

Isaiah: Mama, hatubebi vitu ya majimaji. Iko kwa sheria.

Mama Cheptoo: Hii si maji. Ni mursik.

Isaiah: Inamwagika?

Mama Cheptoo: Ukiimwaga.

Hapo Gazeti Rasmi akaweka kikombe chini. Jina lake halisi ni Jonah. Alipiga mihuri katika ofisi ya DO, mkuu wa tarafa, hadi nywele zikawa nyeupe, na tangu astaafu hulala vibaya siku ambayo hajatoa maelekezo.

Gazeti Rasmi: Isaiah, kisheria umeteleza. Maziwa ni majimaji, sawa. Lakini maziwa ikilala kwa kibuyu ikaganda, imebadilisha hali. Hiyo sasa ni chakula.

Isaiah: Na ikiyeyuka njiani?

Gazeti Rasmi: Ikiyeyukia Kitale, hilo ni jambo la watu wa Kitale.

Isaiah akaingia ndani kupigia wakubwa wake simu. Akarudi na uso wa mtu aliyepewa majibu mawili. Wakubwa wamesema mursik haijatajwa popote, kwa hivyo haijaruhusiwa wala haijakatazwa. Lakini ikifungwa vizuri, wao hawakuiona. Kwa lugha ya ofisi, hiyo ni ndiyo.

Gitonga: Kufunga ni rahisi. Shangazi yangu Nyeri hutuma mayai ndani ya ndoo ya unga, na yanafika yote. Zika kibuyu kwa unga. Halafu kifuniko, selotepu mara tano. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mama Cheptoo: Wewe Gitonga, mursik inapumua. Ukiifungia pumzi na ile joto ya huko, kibuyu itapasuka.

Gitonga: Basi usifunge.

Mama Cheptoo: Ndio imwagikie barua za watu?

Sasa ndipo tulipoona ukubwa wa shauri: ukikifunga kibuyu kitapasuka, ukikiacha wazi kitamwagika, na Lodwar haisogei karibu.

Gazeti Rasmi: Wahenga walishamaliza hii mambo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Si hiyo inamaanisha mzigo ya mwingine unaiona nyepesi?" akauliza Weldon. Huyu tunamwita Injinia, tangu aitengeneze redio ya kanisa ikawa inashika Tanzania peke yake.

Gazeti Rasmi: Hivyo ndivyo walimu waliwadanganya. Hayo yalikuwa maelekezo ya kufunga vifurushi. Mzigo wa mwenzio, yaani ule umepewa upeleke. Kanda la usufi, yaani uzungushie usufi. Wazi kabisa.

Gitonga: Usufi Sotik utatoa wapi?

Gazeti Rasmi: Tutatumia majani chai. Unajaza boksi mpaka juu.

Mama Cheptoo: Chai ivute harufu ya mursik? Nani atakunywa hiyo?

Gitonga: Msiniangalie. Mimi nauza kahawa tu.

Injinia alikuwa amefumba macho. Akifumba macho, jueni anajenga.

Injinia: Kibuyu isiguse kitu. Tunafunga kamba pande zote, inaning'inia katikati ya boksi kama mtoto kwa tumbo. Gari ikiruka, boksi inaruka, kibuyu hata haina habari. Kifuniko tunaweka mrija, ipumue.

Isaiah: Na joto?

Injinia: Tunajaza ukungu.

Isaiah: Ukungu gani?

Injinia: Si huu uko hapa? Tunajaza saa hii, tunafunga haraka. Kule mbele joto ikianza, kibuyu inafikiria bado iko Sotik. Inalala. Na kitu imelala haivunjiki. Umewahi kuona mlevi akianguka akavunjika?

Hakuna aliyecheka. Tuliutazama ukungu, nao ukatutazama. Nami, Mungu anisamehe, nililiona lile boksi: linateremka milima, linavuka nchi ya jua na mawe, na ndani yake kuna kipande cha asubuhi yetu, umande wake na ng'ombe mmoja analia mbali. Nikamwona Cheptoo akilifungua kitandani, chumba kizima kinapoa, na mtoto anageuza kichwa kutafuta huo ubaridi umetoka wapi.

Kwa hiyo tulifanya. Isaiah alitoa boksi la televisheni. Injinia alifunga kamba kila pembe, kibuyu kikaning'inia hapo katikati kikitikisika polepole. Gitonga alitoa shuka yake kuukuu, ikatandikwa chini yake. Kisha Injinia akavua kofia, akaanza kuvuta ukungu nayo na kuumimina ndani kwa uangalifu mkubwa, na Gazeti Rasmi akawa anamwambia lini umetosha.

"Andika juu: mali ya serikali," akaamuru. "Hakuna mtu atagusa."

"Mali ya serikali ndiyo huguswa kwanza," akasema Gitonga.

Wakafunga selotepu hadi ikaisha. Gari likafika. Dereva alikuwa mgeni kwetu, Mochama, mtu wa upande wa Kisii, mpole. Akalizunguka boksi, akaambiwa habari yote, akampa mama mkono.

Mochama: Pongezi, mama. Mtoto anaitwa nani?

Mama Cheptoo: Hajaitwa bado.

Gazeti Rasmi: Kwetu jina halichaguliwi, dereva. Akina nyanya wanakaa na mtoto, wanataja waliotangulia, mmoja mmoja. Mtoto akipiga chafya, basi yule ametajwa ndiye amerudi.

Mochama: Ni vizuri. Sasa huko Lodwar, nani anajua majina ya watu wenu?

Injinia alilitazama boksi kama anayepima nafasi iliyobaki. Gazeti Rasmi alianza kuhesabu vifungu vya sheria kwa vidole. Gitonga aliinua birika na kusahau alikuwa anammiminia nani.

Mama Cheptoo: Cheptoo anajua wawili tu. Wale wengine niko nao mimi.

Alisema polepole, akijisikiliza.

Mochama: Kiti ya mbele haina mtu.

Isaiah: Sheria inasema vifurushi peke yake.

Mochama: Imekataza nyanya?

Isaiah akafikiri. Ilikuwa haijakataza.

Mama Cheptoo: Na ng'ombe yangu?

Gazeti Rasmi: Nitakaa naye mimi.

Mama Cheptoo: Jonah, wewe umewahi kuzalisha ng'ombe?

Gazeti Rasmi: Nimewahi kuidhinisha.

Gitonga: Nitaenda na Jonah, mama. Nenda.

"Basi nifungulieni," akasema Mama Cheptoo. "Kibuyu nitapakata mwenyewe. Nikisikia inataka kupumua, nafungua kidogo."

Isaiah akapiga magoti na kisu, akaanza kukata selotepu. Kazi ilikuwa ndefu, maana tuliifunga kwa upendo. Mama Cheptoo akasimama juu yake na mikono kifuani, akayataja majina kwa sauti ya chini, kuhakikisha hakuna lililobaki nyumbani. Taprandich. Tapsubei. Ukungu ukapita kati yetu, mtu asijue ni nani anayeitwa na ni nani anayesikiliza. Tapletgoi, akasema, na hilo lilikuwa jina la mamake.

Vumbi la boksi likampanda Isaiah puani. Akapiga chafya.

Kisu kikasimama. Benchi zima likamgeukia karani, naye amebaki na mdomo wazi, kalamu imeanguka.

"Amefikishwa anwani si yake," Gazeti Rasmi akanong'ona.

Mama Cheptoo akainama, akamshika Isaiah bega kwa mikono miwili, kwa adabu ya mtu anayezungumza na mkubwa wake.

"Mama," akamwambia, "si hapa. Bado mbele. Ingia kwa gari twende."