Kitasa cha Mlango wa Benki

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1952. Hapana, mniwie radhi, ni 1951. Wa 1952 ni dada yetu, wameachiana ziwa, naye yuko pale mbele ananitikisia kichwa. Alisoma mpaka darasa la saba. Mwalimu alisema kichwa chake ni kigumu, na baba akajibu, "Kitamfaa."

Mwaka 1975 aliajiriwa kulinda mlango wa benki ya mtaa wa soko. Mwaka 1978 alioa muuza vitambaa wa duka la jirani. Shemeji anasema alimposa akiwa zamu, hata hakuondoka mlangoni: "Nijibu haraka bibie, meneja anakuja."

Tarehe 9 Agosti 1983 aliingia yule jambazi ambaye sote tunamjua, ana bunduki. Marehemu alikuwa na rungu tu. Alipigwa kitako cha bunduki, akaanguka, na pale chini akaukumbatia mguu wa yule mtu, akaburutwa mpaka barabarani. Goti lilivunjika. Jambazi alikamatwa kituo cha mafuta, kiatu mguu mmoja. Cha pili alikuwa nacho mdogo wangu. Ndipo mtaa ukamwita Kitasa.

Mwaka 2011 wakaja watu wa filamu ya maisha ya jambazi huyo. Walimwomba aonyeshe alivyoanguka. Na goti lile bovu, akaanguka kwenye zulia, akashika mguu wa meza. Kumbe kamera haikuwashwa, akaanguka tena. "Baba Watoto, utavunja meza," shemeji akasema. Siku hiyo mdogo wangu alifurahi sana.

Filamu ilipotoka tulikwenda kuitazama, yeye kavaa suti. Mlinzi wa kwenye filamu alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, nzi puani. Jambazi akamruka. Ukumbi ukaangua kicheko. Watu hao hao wakamlilia mwizi alipokamatwa. Kesho yake kinyozi akamwambia, "Karibu kiti, Usingizi." Jina la Kitasa likaishia hapo.

Alimpigia simu mwenye filamu. "Mzee, lazima watu wacheke mahali," akaambiwa.

"Si wangecheka nikiwa macho."

Simu ikakatwa, wala haikupokelewa tena.

Kiharusi kilimpata mwaka 2019. Daktari alipomuuliza, "Mzee, unapata usingizi?" aligeukia ukutani. Amefariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, macho wazi. Shemeji alituzuia tusiyafumbe upesi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja seremala, wajukuu, dada yetu, mimi kaka yake, na kiatu cha kushoto kilichoko kabatini. Pumzika kwa amani, Kitasa. Zamu imeisha, sasa lala.

Lakini mimi watu wale wa filamu nimewauliza jambo moja, na mpaka leo sijajibiwa: kama hamkutaka kujua, mlimwangusha mzee wa watu kwenye zulia kwa ajili ya nini?