Mama Uzi na Mashuka Arobaini

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufua, kuanika na kupiga pasi, dobi mkuu wa hospitali yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Faili lake la ajira lina jina refu la heshima, lakini kuanzia wodi ya wazazi mpaka getini sote tunamwita Mama Uzi, na yeye huitika hata kabla hujamaliza kutamka.

Jina hilo alilipata mwaka wake wa pili. Mashuka ya wodi yalikuwa yanachanganyika na wauguzi wanagombana kila asubuhi, ndipo akaketi na sindano, akashona uzi mwekundu kwenye pembe ya kila shuka: mshono mmoja kwa wodi ya wanaume, miwili kwa wanawake, mitatu kwa watoto. Ugomvi ukaisha. Mpaka leo hapokei shuka bila kugeuza pembe kwanza, na inasemekana hata akialikwa arusini hugeuza pembe ya kitambaa cha meza.

Ni mlokole, na hajawahi kuficha. Saa ya chakula cha mchana hufunga mlango wa chumba cha pasi kwa dakika kumi, akatuombea kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti inayofika koridoni. Wengine walicheka. Wengine walikereka, maana si raha kusikia unaombewa upunguze hasira huku umesimama papo hapo na kikombe chako cha chai. Kundi la waliokereka liliongozwa na mtunza stoo, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu.

Mwaka wake wa kumi na nne kazini, mashuka arobaini yalipotea. Mwezi huohuo kwaya ya kanisa lake ikatokea na majoho mapya, meupe pepepe. Mtunza stoo akajumlisha haya na yale, akaiandikia kamati ya nidhamu barua ya kurasa mbili: mlokole wenu amevisha kwaya mali ya wagonjwa. Mama Uzi alieleza kwamba majoho yalishonwa kwa kitambaa cha pazia. Alimleta fundi cherehani aliyeyashona, akaleta na joho lenyewe wakague kila pindo. Kamati ikajibu kuwa uzi hufumuliwa. Akatolewa chumba cha kufulia, akakabidhiwa ndoo na tambara la kupigia deki, na onyo juu yake: mashuka yasipoonekana ndani ya miezi mitatu, kazi hana.

Mwingine angenuna. Wapi! Alipiga deki koridoni akiimba, na watu wakapita wakimuuliza kama kwaya haihitaji na foronya. Nilimwona akilia siku moja tu, bintiye mdogo alipotaniwa shuleni kwamba mama yake ni mwizi. Kesho yake akarudi na wimbo. Saa ya chakula aliendelea kuomba, sasa kwenye chumba cha mafagio, na jina la mtunza stoo likawa la kwanza kutajwa.

Zikiwa zimebaki siku tisa, mtunza stoo alifungua chumba cha zamani cha eksirei kutafuta balbu. Kilikuwa kimefungwa tangu mafundi rangi wamalize kazi. Mashine na meza zote zilikuwa zimefunikwa mashuka yenye madoa ya kijani. Akageuza pembe: uzi mwekundu. Chini ya kopo tupu la rangi palikuwa na karatasi ya kutolea vitu stoo, imeandikwa vifuniko arobaini kwa mafundi rangi, na sahihi aliyoijua kuliko zote duniani. Ilikuwa yake. Aliyatoa mwenyewe siku moja ya haraka, akasahau kabisa.

Alikaa mle ndani muda mrefu, akitazama jinsi karatasi ile ilivyo rahisi kuchanika. Na acha nisijifiche tena nyuma ya cheo: aibu ile ilikuwa yangu. Nilimfuata chumba cha mafagio nikamwambia yote. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo, kisha akauliza kama rangi ni ya mafuta au ya maji, maana ya mafuta inataka kulowekwa mapema.

Muuguzi mkuu alitaka nifukuzwe siku hiyohiyo. Aliyenitetea ni Mama Uzi, ndoo bado mkononi. Alisema ameomba miezi yote hiyo jina lake lisafishwe, hakuomba la mtu mwingine lichafuliwe. Nikabaki. Barua ya kuomba radhi niliisoma mwenyewe chumba cha pasi, mlango wazi, kwa sauti iliyofika koridoni.

Tangu arudishwe chumba cha kufulia amefundisha madobi sita, wote wageuza pembe. Mashuka thelathini na tisa yalitakata. La arobaini liligoma, akakataa lisitupwe, na kwa miaka kumi na tisa limefunika meza yake ya pasi. Leo, kwenye sherehe hii ya kumuaga, limetandikwa meza kuu. Mgeni atakayeona doa la kijani karibu na keki asione haya, ageuze pembe.

Asante, dada yetu, kwa wodi safi na moyo usio na kinyongo. Pumzika, cheza na wajukuu, afya iwe yako tele. Na ikifika saa ya chakula cha mchana, tafadhali, nitaje wa kwanza kama kawaida.