Mzee wa Mizani na Sura ya Sita

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia, sisi wajukuu tunawasimulia maisha ya mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee wa Mizani.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pekee, akasoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, kisha sekondari, na mwaka 1971 akahitimu ufundi umeme. Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa kuwa fundi wa nguzo na nyaya, na mwaka 1989 alihamishiwa wizarani, idara ya nishati, chumba namba 14.

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na bibi yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza alifariki angali mchanga, wa pili yuko hapa nasi, amesafiri siku mbili kufika.

Mwaka 2002 aliwekwa kwenye kamati ya kuandika sera ya taifa ya nishati endelevu, akapewa kazi ya kujua wananchi wanapikia nini, akazunguka majiko mia mbili na mizani ya kuning'iniza akipima kuni, akianzia jiko la nyumbani kwake. Hesabu ikatoka ndogo, kamati ikafurahi, ikaona sura ya sita, sura ya jikoni, ifutwe, nguvu zote ziende kwenye mabwawa. Jumapili tarehe 9 Mei 2004, mezani, alimweleza bibi, naye bibi akacheka hadi akakohoa, akamwambia, baba watoto, mgeni wa serikali nani atampikia kwa kuni mbichi, hata mimi siku ile nilikuchagulia zilizokauka, zikawa chache, we mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi kakae mpaka wakupe jembe ndipo upime.

Mzee aliweka kijiko chini. Keshokutwa yake aliandika barua kwamba takwimu zake si sahihi, sera isubiri, na mwenyekiti wa kamati akamwambia, mzee, umemwaga mchele penye kuku wengi. Tangu siku hiyo chai ya saa nne aliinywa peke yake, kikombe kimoja, mlango wazi, wenzake wakipita bila kuingia.

Alirudi majikoni kwa likizo zake mwenyewe, akikaa siku saba kila nyumba, bila kupima hadi siku ya nne, na nyumba moja ilimpa shoka badala ya jembe, akapasua kuni hadi mikono ikatoka malengelenge. Kuni zikawa mara mbili ya zile za kwanza. Alikuwa jikoni kwa watu, siku ya tano, tarehe 17 Agosti 2007, bibi alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, akafika nyumbani kumekwisha.

Alistaafu mwaka 2009, akaendelea kupeleka sura ya sita kwa kila waziri mpya, hata macho yalipofifia mwaka 2017, mjukuu wake wa kike akaacha shule kidato cha pili ili amuuguze na kumwandikia. Tarehe 21 Februari 2019 sera ilipitishwa, sura ya sita imo, kurasa tisa, jina lake halimo. Mjukuu alimsomea yote, mzee akaomba jedwali la kuni lirudiwe, akasema, bibi yako sasa asingecheka. Alifariki hospitalini tarehe 6 Machi 2019, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa amebakiza siku nane kutimiza miaka sabini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake mliokuja leo, ambao viti havikuwatosha, na akina mama watatu wa yale majiko, walioleta kuni za msiba, wakatuambia wamechanganya kavu na mbichi, maana mzee kwao hakuwa mgeni.

Mizani tumeitundika kwenye msumari wake uleule. Pumzika kwa amani, babu.