Uchumi wa Kumposea Arnaud

Benchi letu liko Kimisagara, Kigali, bondeni kabisa, limebanwa kati ya karakana ya Libère na kibanda changu cha kunyolea. Upande huu cheche za kuchomelea mageti, upande ule nywele zinapeperuka, katikati kahawa ya Nyiramana. Mteja akilalamika kikombe kina nywele, Nyiramana humwambia hiyo ni huduma ya Eddie, si yake. Eddie ndiye mimi. Wenye benchi wengine ni watatu. Keith, tunayemwita Protokoli, alikulia Kampala na kazi yake ni kupanga viti kwenye mikutano mikubwa. Beji ya shingoni nadhani hata bafuni anaingia nayo. Sangwa ni Koltani: fundi simu, mtu wa Goma, anaamini dunia nzima inaunyemelea udongo wa kwao. Na Kagabo ni Mwalimu wa Methali. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi na Kiswahili safi na methali gunia zima, ila maelezo ya matumizi aliyasahau mpakani.

Ijumaa hiyo mchana Libère alikuja na aproni yake ya kuchomelea, akajitupa kwenye kiti changu kama mtu aliyesomewa hukumu.

— Eddie, ninyoe. Ninyoe muzuri, kesho ninakufa.

— Unakufa saa ngapi, nijue kama niweke na pafyumu?

— Jean-Berchmans sauti imepotea, akasema. — Jana kwenye kwaya, wakati wa noti ya juu. Amefungua mdomo, imetoka hewa tu. Sasa familia imenichagua mimi.

Tukaelewa, tukaacha kucheka. Kesho yake ilikuwa gusaba ya Arnaud, mtoto wa dada yake Libère, yaani siku ya familia kwenda kumwomba mchumba rasmi. Siku hiyo bwana harusi haongei. Anakaa kimya kama picha, na msemaji wa upande wake ndiye anayepambana kwa maneno na msemaji wa upande wa msichana. Jean-Berchmans alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Libère maisha yake yote amebishana na vyuma tu.

— Na msemaji wao nani? akauliza Kagabo.

— Mzee Shami wa Batsinda.

Nyiramana aliacha kumimina kahawa. Hata mimi niliizima mashine. Mzee Shami aliwahi kuwarudisha watu wa bwana harusi kwenye basi lao kwa sababu msemaji wao alishindwa kusema kwao kunalimwa nini. Walikaa humo na zawadi zao mapajani, wakampigia simu bibi yao kule mlimani, mpaka akawakumbusha kuwa ni njegere.

— Ataniuliza, "Kwenu kuna nini?" akasema Libère. — Hilo ndilo swali lake. Na mimi nitajibu nini? Kwetu kuna mageti?

— Tulia, akasema Kagabo. — Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Hiyo inanisaidia nini?

— Na mficha uchumi haoi. Mwaga uchumi wote mezani, Shami atakosa pa kukanyaga.

Basi hapo ndipo kahawa ilipoanza kunywewa kwa nguvu.

— Anza na kahawa, akasema Nyiramana, aliyezaliwa kwenye vilima vya Huye. — Kahawa na chai. Mwambie kwetu murima ni kiwanda. Kiwanda cha watu wengine kina bomba, kiwanda chetu kina ukungu. Ukungu unaingia asubuhi, jioni chai imeiva.

— Mama Kahawa, nikamuuliza, sasa hiyo kahawa nzuri ya Huye mbona hapa tunakunywa hii?

— Ile nzuri inapanda ndege. Hii imebaki kwa sababu haina pasipoti.

— Bon, akasema Libère, akainua kidole. — Kahawa na chai. Nimeshika.

Alipoinua kidole aliinua na kichwa, mashine ikateleza, nikamchorea barabara kutoka kisogoni hadi karibu na sikio. Sikusema kitu. Fundi hatangazi ajali kabla ya kumaliza.

— Kahawa ni ya wazee, akasema Sangwa. — Sema madini, kaka! Koltani, kasiterite, wolframu. Iko ndani ya simu yote ya dunia. Mutu wa Japani akipigiwa simu, unafikiri nani anaita?

— Mke wake, nikasema.

— Hapana! Ni udongo. Udongo unaita nyumbani. Ndiyo maana simu ikikaa karibu na dirisha netiweki inakuja: inaona milima.

— Banange, akasema Keith, akaishika beji yake kama askofu anayeshika msalaba. — Nyinyi mko nyuma sana. Uchumi wa kisasa si kuchimba, ssebo, ni kukaa. Kigali inauza viti. Mtu anatoka Geneva, anaruka na ndege saa nane nzima, anakuja kukaa kwenye kiti nilichopanga mimi. Anakula bufee, analala hotelini, anapiga picha na kilima, anarudi. Hatukumpa kitu chochote, lakini ameshukuru!

— Na kwenye hicho kiti anafanya nini? akauliza Nyiramana.

— Anapanga mkutano mwingine. Kahawa unaivuna mara moja kwa mwaka, Mama. Mkutano unazaa papo hapo. Mimi nimeona mmoja umezaa pacha kabla ya chakula cha mchana.

Libère aligeuka kumtazama Keith. Nikakata barabara ya pili.

— Mnasahau mfanyakazi bora, akasema Kagabo. — Sokwe! Haombi likizo. Hana ofisi. Anakaa kwenye volkano na mke wake, anatafuna mianzi, mzungu anavuka bahari kuja kumtazama saa moja tu, tena akiwa amevaa barakoa ili asimwambukize mafua! Wewe Libère, nani amewahi kuvaa barakoa kwa heshima yako?

— Hakuna.

— Umeona. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? nikauliza.

— Inaingia kwa upande wa utalii.

Libère akaanza kuhesabu kwa vidole. Kahawa, chai, udongo unaoita nyumbani, viti, sokwe. Uso wake ulikuwa umeanza kupata rangi. Lakini Sangwa akamwagia maji.

— Shami ni mujanja, Tonton. Atasema hivyo vyote viko kwao pia. Batsinda nao si wako Kigali kama sisi? Mutapimana sokwe yule yule.

Ilikuwa kweli. Uchumi wetu na uchumi wa mahasimu ulikuwa mmoja.

— Ntakibazo, hakuna shida, akasema Keith. — Tunapanua kwetu. Sisi si tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki? Basi bandari ya Mombasa ni yetu kidogo. Ndizi za Uganda, zetu kidogo. Mafuta yakitoka, yetu kidogo.

— Karafuu za Zanzibar, akaongeza Nyiramana.

— Kilimanjaro naleta mimi, akasema Kagabo. — Nimesoma Tanzania, siwezi kunyimwa mlima. Nitawaazima hadi Jumapili.

— Ziwa Tanganyika! akapiga kelele Libère, na machozi kidogo yakamtoka, maana alikulia Bujumbura. — Mukeke! Ndagala! Sisi tunakula samaki hata akiwa hajafikiria kufa!

— Kongo pia imeingia Jumuiya, akasema Sangwa. — Weka Kongo.

— Kongo yote? akauliza Libère.

— Weka nusu, usionekane na tamaa.

Libère akasimama kwenye kiti changu na shuka shingoni, kichwa nusu msitu nusu uwanja wa ndege, akatoa hotuba ya mazoezi. Alianza na ukungu wa Huye, akachimba koltani, akapanga viti, akavuka Kilimanjaro, akateremkia Mombasa na kontena. Watu wa bodaboda walizima pikipiki wasikilize. Alipofika kwenye sokwe nilimkalisha kwa nguvu, nikamnyoa kipara chote, kwa kuwa ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuziunganisha zile barabara mbili.

— Nimependeza? akauliza.

— Umependeza kama mwekezaji, nikamwambia.

Jumamosi tukapanda Batsinda. Nyumba za pale zimekaa karibu karibu, kwa hiyo mahema mawili yalisimamishwa uani, upande wao na upande wetu, tukitazamana kama timu mbili. Msichana mwenyewe, Gaju, alikuwa ndani ya nyumba na shangazi zake, nyuma ya pazia, kwa kuwa bibi harusi haonekani wala hasikiki mpaka aitwe. Sisi wa benchi tulivaa mishanana, ile nguo ya kufunga begani. Keith aliweka beji juu ya mshanana. Arnaud alikaa mbele, mikono magotini, jasho likimshuka kwa nidhamu.

Mzee Shami alikuwa mdogo kuliko sifa zake. Alikuwa na kofia, fimbo, na sauti ya chini inayokufanya uiname. Alitukaribisha, akatutania kidogo, kisha akaachia.

— Karibuni. Na huko kwenu, kuna nini?

Libère akasimama, kipara kikiwaka. Jamani, yule fundi mageti aliongea! Chai ilipanda mlima yenyewe. Udongo uliita nyumbani. Geneva ilikaa. Alipofika kwenye sokwe mwenye kuheshimiwa kwa barakoa, hata wamama wa upande wao walipiga vigelegele. Kagabo alikuwa akisema "mlima wangu huo" kila Kilimanjaro ilipotajwa. Libère alimaliza na samaki asiyefikiria kufa, akakaa, na sisi tukamshika mabega kama bondia.

Mzee Shami aliitikia kwa kichwa polepole.

— Nimesikia. Ni nchi nzuri sana, hata mimi natamani kuhamia. Sasa, akasema, akamwelekezea Arnaud fimbo, — huyu kijana wenu, yeye anafanya kazi gani?

Libère akasimama tena, akafungua mdomo. Kama Jean-Berchmans, ikatoka hewa tu.

Akageuka kututazama.

— Kompyuta, akanong'ona Keith. — Consultant.

— Simu, akasema Sangwa kwa sauti.

— Ng'ombe, akasema Kagabo, kwa sauti kubwa zaidi.

Upande wao wakaanza kuguna. Babake Gaju, Mzee Mutsinzi, mtumishi wa serikali mstaafu mwenye shingo iliyonyooka, alikunja mikono kifuani. Arnaud alikuwa akitutazama kwa macho ya kuomba msaada, lakini haruhusiwi kusema, na maskini ni mtoto wa adabu. Alikuwa ameufumba mdomo hata mate hayamezi.

Nilimwona Libère akimtazama yule kijana kwa muda mrefu. Kisha akaivua miwani yake.

— Mzee Shami, mimi sijui, akasema. — Huyu mutoto anakaa kwangu tangu ametoka Bujumbura. Asubuhi ananiamkia, ninamuuliza kama amekunywa chai. Jioni ananiamkia, ninamuuliza kama amekula. Anajibu muzuri, anaosha vyombo, anamubebea mama wa jirani maji. Anakokwenda katikati ya chai na chakula, mimi sijawahi kuuliza. Ni aibu yangu, si yake. Ukiturudisha kwenye basi, turudishe sisi, umuache yeye.

Hakuna aliyecheka. Mzee Shami alichezea fimbo. Sikuweza kusoma uso wake. Nikaanza kulifikiria basi, na zile kreti za soda tutakazozibeba mapajani.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, kali kama filimbi ya refa:

— Anafundisha watu wazima kuogelea!

Uwanja mzima ukaganda. Ndani tukasikia shangazi mmoja akisema "Yewe Mana yanjye!" na kiti kikianguka.

— Nani amesema? akauliza Mzee Shami.

— Hakuna mtu, ikajibu sauti.

— Na wewe Hakuna Mtu, umejuaje?

Kisha, kwa upole kabisa:

— Alinifundisha mimi. Nilikuwa ninazama.

Mzee Mutsinzi akasimama wima.

— Gaju! Kumbe zile Jumamosi zote unarudi kichwa kimelowa! Ulisema ni kwaya!

— Tulikuwa tunaimba pia, baba.

Hapo mahema yote mawili yalibomoka kwa kicheko. Shangazi walikuwa wakimvuta ndani, pazia linacheza kama bendera, mtu akamwaga maziwa, Sangwa akanikumbatia bila sababu. Kagabo alisimama akasema maji hufuata mkondo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna aliyeweza kumpinga. Arnaud alikuwa ameuficha uso kwa mikono miwili, masikio mekundu, mabega yakitikisika.

Mzee Shami alijifuta macho kwa ncha ya mshanana.

— Ndugu zangu, mimi niliitwa hapa nimzuie binti huyu kwa saa mbili kamili, na maneno nilikuwa nayo. Lakini naona nalinda nyumba ambayo mwenyewe ameshatoka. Libère, keti. Mmepewa.

Vigelegele vikapanda mpaka mtaa wa juu. Libère hakukaa, alianguka kwenye kiti, na Keith akakinyoosha kiti hicho chini yake kwa mazoea ya kazi.

Baadaye, vinywaji vilipokuwa vinagawiwa na watu wameanza kuchanganyika, nilimwona Mzee Mutsinzi akivuka uwanja peke yake, mikono nyuma, shingo bado imenyooka. Akasimama mbele ya Arnaud. Kijana akaruka wima kwa heshima. Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama hadi sikioni kwake.

— Na mtu wa miaka sitini na minne, akanong'ona, — ambaye anaogopa hata beseni, bado anaweza kujifunza?

Arnaud, aliyekuwa bado haruhusiwi kusema, akaitikia kwa kichwa mara nyingi sana.